Maneno ya Mfaransa

Usagara, Tanga
7 Agosti 1956

Kaka Rafaeli,

Salamu nyingi. Huenda umenisahau. Mimi ni Yudith, dada yake Noa fundi wa mitambo hapo shambani kwenu. Tulionana Pasaka mlipokuja Tanga kutazama mashindano ya kwaya. Ulinibebea vitabu vya nyimbo mpaka kituo cha basi, ukanyamaza njia nzima. Nilimwuliza Noa nimekukosea nini, akasema wewe ndivyo ulivyo.

Nina shida. Raskazone, mtaa wa Wazungu, kuna bibi mmoja wa Kigiriki, Bibi Kaliopi, mjane wa tajiri wa mkonge. Ana piano, nami nikitoka shuleni kufundisha huniruhusu kwenda kufanya mazoezi, maana kinanda chetu cha shule kimetoboka, ukikikanyaga kinapumua kama mgonjwa wa pumu. Mwezi wa kumi na moja anarudi kwao moja kwa moja. Kabla hajaondoka anataka nimpigie muziki mmoja aliokuwa akiupiga marehemu mumewe. Wageni wataalikwa. Nimekubali, na sasa najuta.

Noti naziweza. Maneno ndiyo yananishinda. Wewe unajua sisi wa kanisani tumelelewa na kitabu cha nyimbo, na neno lililo chini ya noti linaimbwa. Basi siku ya kwanza nikapiga huku naimba! Nikaimba kila neno lililoandikwa, kwa sauti ya pili, na matamshi yangu ya kwetu Mlalo. Bibi Kaliopi alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe hayaimbwi. Ni maagizo ya mtunzi kwa mpigaji. Na si yale ya Kiitaliano niliyofundishwa, ya polepole na haraka. Ni Kifaransa, marefu marefu, na yeye bibi Kifaransa hajui. Aliyejua ni mumewe.

Noa anasema ulifundishwa Kifaransa seminari. Nimekunakilia ukurasa wa kwanza herufi kwa herufi. Nisaidie kaka, nisije nikaaibika mbele za watu.

Wako katika Bwana,
Yudith

*

Shambani, Muheza
15 Agosti 1956

Dada Yudith,

Nakukumbuka.

Barua yako imenifikia nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Nimeyasoma maneno uliyoniletea, nikayasoma tena, nikadhani nimesahau Kifaransa. Padri mzee alitufundisha Kifaransa cha sala na cha kuomba chumvi mezani. Hiki ni kingine. Hata hivyo kila neno nalijua, na yakikaa pamoja yanasema hivi:

Mwanzoni: “Polepole, kama mtu aliyeitwa na hataki kwenda.”

Mstari wa pili: “Mkono wa kushoto unajua jambo. Usiuambie wa kulia.”

Katikati: “Kwa adabu, lakini bila kuvua kofia.”

Chini kabisa: “Kimya cha chumba alimotoka mtu sasa hivi.”

Sielewi mtu atapigaje piano bila kuvua kofia. Labda kwao ni desturi. Mimi nimetafsiri tu yaliyopo, sikuongeza wala kupunguza. Kama kuna kurasa nyingine zilete, usione tabu. Jioni zangu hazina kazi.

Wako mtiifu,
Rafaeli

*

Usagara
29 Agosti 1956

Kaka Rafaeli,

Ahsante, lakini umeniongezea mzigo! Nimejaribu hilo la mtu aliyeitwa na hataki kwenda. Nikafikiri ninavyoitwa na mwalimu mkuu, nikapiga kwa kujikokota, Bibi Kaliopi akasema nimelala. Nikafikiri ninavyoitwa kula ugali nimeshiba, akasema sasa naringa. Mkono wa kushoto nao unajua jambo gani? Nimeutazama, haujui kitu.

Ninakaa kwa mama mmoja mjane, Bi. Saleha, Mdigo, mtu wa maneno sana. Nilimsomea tafsiri yako akiwa anakuna nazi. Akaacha kukuna. Akasema, “Soma tena, mwanangu.” Nikasoma. Akasema, “Ebo! Hayo si maneno ya piano, hayo ni maneno ya leso. Na leso hainunuliwi bila mtu wa kusomewa.” Nikamwuliza ni mtu gani. Akaendelea na nazi yake. Leso ndiyo kanga, wao huiita hivyo.

Hebu niambie kweli, kaka. Ni Mfaransa aliyeandika hayo?

Baba naye ameandika kutoka Mlalo. Kuna kijana anaitwa Manase, mganga msaidizi hospitalini, ametuma mshenga. Baba ni mzee wa kanisa na Manase ni mwana wa mzee wa kanisa, kwa hiyo wao wameshamaliza. Limebaki jibu langu tu, nalo linatakiwa kabla ya Krismasi. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nimekuletea ukurasa wa pili.

Yudith

*

Shambani, Muheza
10 Septemba 1956

Dada Yudith,

Nimepokea. Manase namsikia, Noa amewahi kumtaja, ni mtu mwema na mwenye kazi ya heshima. Nakutakia heri na baraka katika jambo hilo.

Uliuliza ni nani aliyeandika. Ni Mfaransa. Mimi ni mkalimani tu.

Ukurasa wa pili unasema hivi. Juu: “Usiharakishe. Yupo anayengoja.”

Kisha: “Swali lile lile, kama kwamba halijaulizwa.”

Kisha: “Karibu na dirisha.” Hili nimelitazama siku mbili. Sijui piano ya Bibi Kaliopi imekaa upande gani, labda isogezwe.

Mwisho wa ukurasa: “Kwa furaha isiyotaka kuonekana.”

Samahani kama sijakusaidia. Kuhusu hilo la mtu aliyeitwa, nafikiri asiyetaka kwenda si lazima awe mvivu. Pengine anaogopa kwamba akifika ataambiwa basi, rudi.

Wako mtiifu,
Rafaeli

*

Usagara
24 Septemba 1956

Kaka Rafaeli,

Barua yako ina watu wawili, nami sijui nimsikilize yupi. Wa juu ananitakia heri na Manase. Wa chini anasema usiharakishe, yupo anayengoja. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nikakasirika na yule wa juu, nikataka kumwandikia maneno makali, kisha nikafika kwa yule wa chini nikatulia.

Bi. Saleha hana hata chembe ya shaka. Anasema, “Juu ni adabu, chini ni moyo. Akufukuzaye hakwambii toka, na akutakaye hakwambii njoo.” Nikamwambia, lakini Bi. Saleha, yeye mwenyewe amesema ni Mfaransa. Akanishangaa. “Sasa wewe ulitaka aseme ni yeye? Mwenye leso huivaa tu akapita mlangoni kwako. Uliona wapi mtu akisimama akasema, jamani, nasema mie?”

Haya, kaka mkalimani. Nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Noa akirudi huko atakuletea kifurushi. Ni leso, doti nzima, nimeichagua mwenyewe dukani, Bi. Saleha akiwa nyuma yangu. Ina maneno. Uyasome.

Ukurasa wa tatu na wa mwisho huu hapa. Piano kwa kweli iko karibu na dirisha! Ulijuaje?

Yudith

*

Shambani, Muheza
12 Oktoba 1956

Dada Yudith,

Noa ameleta kifurushi. Mama amefurahi mno, hajawahi kupewa kanga na mwalimu. Anakusalimu sana, na anasema Mungu akuzidishie. Moja anaivaa kanisani. Ya pili, kwa kuwa chumba chetu kinatazama njia ya wafanyakazi na hatukuwa na pazia, ameitundika dirishani, maandishi nje. “MLANGO SI UKUTA, PIGA HODI.” Tangu hapo kila apitaye anapiga hodi kuomba chumvi. Nimeyasoma kama ulivyosema. Ni maneno mazuri, yanakaribisha.

Kuhusu barua kuwa na watu wawili, sikukuelewa. Nimeiandika peke yangu, Noa shahidi.

Ukurasa wa mwisho una maneno machache. “Karibia.” Mstari unaofuata: “Karibia tena. Usiguse bado.” Na pale mwisho, juu ya noti za mwisho kabisa: “Sasa sema, hata sauti ikikatika.”

Hili la mwisho sijui utalipigaje. Hata mimi nisingeweza.

Nimefikiri sana kuhusu siku yako ya kupiga. Ningependa kusikia, lakini najua wageni wa Raskazone ni wageni wa Raskazone.

Wako mtiifu,
Rafaeli

*

Usagara
27 Oktoba 1956

Rafaeli,

Dirishani! Nilipomsomea Bi. Saleha alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. “Ameitundika njiani watu wote waione? Basi huyo ametangaza, mwanangu. Tena kwa mkono wa mamake!” Nami nilikuwa nimeketi na barua yako nacheka na kulia.

Naandika wazi sasa, maana nimechoka kuzungukazunguka. Nilikuwa sijui. Tangu Pasaka nilikuwa nikijiuliza yule mtu alinyamaza kwa dharau au kwa nini, na moyo wangu ukibeba vitabu njia ile ile. Kisha ukaanza kuniletea maneno yako, ukiyavika kofia ya Mfaransa, na kila jioni nikayapiga kwa vidole. “Yupo anayengoja.” “Karibia tena, usiguse bado.” Nani anaandika haya kwenye muziki? Hakuna! Hata Bibi Kaliopi amesema sasa napiga kama mtu anayejua anakwenda wapi.

Nimemwandikia baba. Nimemwambia Manase ni mtu mwema lakini simtaki, na kwamba yupo mwingine. Jina lako nimelitaja. Na kwamba wewe ni Mkatoliki, si Mlutheri kama sisi, nimelitaja vilevile, bora alie mara moja.

Usiogope. Nimeshasema mimi, na sauti haikukatika.

Yudith wako

*

Shambani, Muheza
12 Novemba 1956

Dada Yudith,

Sijui nianzie wapi. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nikianza naona ninakosea, ama ninakukosea wewe, ama ninamkosea Mungu.

Maneno si yangu. Nakuapia. Ni ya Mfaransa, yote, hata “Karibu na dirisha”. Mimi nilikuwa nikiyatafsiri kwa taa ya chemli na kamusi iliyoliwa na mchwa, sikuongeza hata nukta. Hata kanga sikuielewa. Sisi ni watu wa Songea, baba alikuja huku manamba, kibarua wa mkataba, na kwetu kanga ni nguo tu. Ilitundikwa dirishani kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Noa alipoambiwa na barua ya baba yako alinijia karakana nzima ikisikia, akaniuliza nimemfanya nini dada yake, nikamwambia sijui. Alidhani ninamficha.

Ningeweza kunyamaza. Ukaendelea kuamini kwamba mimi ni mtu wa maneno kama yale. Lakini ungekuwa umempenda mtu mwingine aliyevaa koti langu, na siku moja ungenivua ukakuta hayupo. Mimi ni karani wa kuhesabu matita ya mkonge. Niliacha seminari, baba yangu alikufa manamba, na siwezi kuandika sentensi hata moja ya zile.

Mwandikie baba yako upesi. Mwambie ulipotoshwa. Huenda mshenga wa Manase hajarudishiwa jibu.

Mama anasema mficha uchi hazai. Nimemwambia sifichi kitu, ndiyo maana naandika. Ameondoka, hakusadiki.

Nisamehe.

Rafaeli

*

Usagara
20 Novemba 1956

Rafaeli,

Barua yako ilifika Jumamosi. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kupiga. Ahsante kwa kuchagua wakati mzuri.

Nilitaka kusema naumwa. Bi. Saleha akanivalisha, akanifunga mkanda, akasema, “Aibu ni yako na ya huyo wako. Wagiriki wana kosa gani?” Nikaenda. Nikaketi mbele ya karatasi zile. Mwanzoni, “kama mtu aliyeitwa na hataki kwenda”, sikuwa na haja ya kufikiria ugali wala mwalimu mkuu. Nilikuwa ndiye. Kwenye “yupo anayengoja” nikaona mwongo mkubwa huyu, na nikapiga kwa hasira mpaka mzee mmoja akaacha kunywa. Nilipofika “usiguse bado” nikakaa vidole vikiwa hewani, noti haikuja. Watu wote wakangoja. Kisha nikamaliza, vibaya, huku machozi yananidondokea kwenye vidole.

Hawakupiga makofi. Bibi Kaliopi alinijia akanishika uso. Akasema, “Mume wangu hakupiga hivyo. Yeye alipiga vizuri kuliko wewe. Lakini ndivyo alivyokuwa akinitazama, na hakuwahi kuniambia kwa nini.” Akaingia chumbani hakutoka tena. Sikujua nimefanya vyema au vibaya, na mpaka leo sijui.

Sasa nikuulize wewe. Nimemkataa mtu hai kwa maneno ya Mfaransa aliye kaburini. Sawa, kosa ni langu na la Bi. Saleha, wewe huna lawama. Umeniambia kwa uaminifu kila kisichokuwa chako. Si chako “Karibia”, si yako kanga, si lako dirisha. Karatasi mbili nzima, Rafaeli! Na mahali pote humo hukuandika unanitaka au hunitaki. Nimetafuta. Nimegeuza hata nyuma ya karatasi.

Chako kiko wapi? Kiandike, kwa Kiswahili, kibaya hivyo hivyo. Na kama hakipo andika hakipo, nitakwenda kwa baba nikapige magoti. Ila usinitume kwa Manase kama kwamba mimi ni barua iliyofika nyumba siyo.

Yudith

*

Shambani, Muheza
26 Novemba 1956

Yudith,

Ninakupenda. Siku ile ya Pasaka sikusema kwa sababu nilikuwa na vitabu vyako mikononi na nilijua nikifungua mdomo nitaviangusha. Nilitaka basi lisije. Likaja.

Nilipokutakia heri na Manase nilikuwa nimekasirika, na nilipoiona barua yako ya kumkataa nilifurahi kwanza, saa nzima, ndipo nikaogopa. Hilo sikukuandikia.

Sina mali. Sijui baba yako atasema nini kuhusu dini, sijui hata padri wangu atasema nini. Nataka kukuoa. Mjomba wangu yupo tayari kwenda Mlalo kuzungumza, na mimi nitakwenda naye, ingawa anasema kwa desturi mwoaji hukaa nyumbani. Nimekaa nyumbani vya kutosha.

Sijui kuipamba barua. Nimeandika kwa haraka nisije nikaisahihisha.

Rafaeli

*

Usagara
2 Desemba 1956

Rafaeli,

Hii ni barua yako ya kwanza niliyoielewa peke yangu. Bi. Saleha alinyoosha mkono ili nimsomee, nikamwambia hii haina maneno ya leso. Amenuna.

Baba amejibu. Amekasirika sana, anasema hataki kukuona wewe wala mjomba wako kizingitini kwake.

Njooni Mlalo hivyo hivyo. Nitakuwa nimetangulia.

Yudith